Flashi ya Komron

Jumatatu, tarehe 3 Oktoba

Mastona amepiga simu kabla sijanywa chai. Jumamosi anaimba harusi ya binti wa Haji Sattor, yule wa matunda makavu pale sokoni Panjshanbe. Anataka mpiga kinanda mmoja. Nikamwambia yupo, ndiye unayeongea naye. Akasema bado anapima, kati yangu na Komron. Kinanda cha Komron siku hizi kinalia kama rubabu yenyewe, ile ya nyuzi ya wazee wetu, akasema. Changu kinalia kama kengele ya mlangoni.

Kengele ya mlangoni. Na vinanda vyetu ni aina moja, vimetoka duka moja, tulivinunua siku moja. Tofauti ni kwamba chake kina mfumo mpya. Mfumo ndio akili ya kinanda. Ukiubadilisha, mbao na vitufe ni vilevile ila sauti ni nyingine. Komron aliupakua mtandaoni, akautia kwenye flashi, akaichomeka, basi. Aliniambia mwenyewe kuwa ni bure na kwamba nikitaka ataniletea. Nikamjibu sina haja, changu kimetulia.

Siwezi kurudi kumwomba. Nilikuwa napiga harusi za hapa mjini Khujand wakati Komron bado anang'oka meno ya utoto.

Sanavbar, mke wangu, anasema baridi ikiingia hakuna tena harusi, na hapa ndani hatutakula kiburi. Anapenda kusema vitu vya namna hiyo. Ni mwalimu.

Mpango: mfumo utoke kwa Komron bila Komron kuutoa.

Jumanne, tarehe 4 Oktoba

Nimekwenda kwao saa ambazo Komron anafundisha shule ya muziki. Nilibeba matikiti mawili ili ziara iwe na sababu. Mama yake, Bi Oyniso, akanikalisha kwenye godoro la wageni, akasema mwenyewe hayupo. Nikasema nitamsubiri. Akaenda jikoni kukata tikiti.

Flashi ilikuwa imechomekwa nyuma ya kinanda chake. Nyekundu, ina kamba. Nikaichomoa. Sikuiba. Nimeazima bila kumsumbua mtu.

Bi Oyniso aliporudi na sahani mimi nilikuwa mlangoni, viatu miguuni. Akauliza si nilisema nasubiri. Nikasema nimeshasubiri. Akanitazama, akanifungia nusu tikiti kwenye gazeti nimpelekee Sanavbar.

Jioni nimeifungua kwenye kompyuta ya Sanavbar. Folda juu ya folda. Nyimbo zote za Komron, na midundo aliyoitengeneza kwa mikono yake, kazi ya miaka. Chini kabisa, mafaili mawili ya mfumo. Moja lina namba ya kinanda chetu. Jingine lina namba ya kinanda kikubwa, kile wanachopiga watu wa televisheni kule Dushanbe. Sikuhitaji kufikiri sana. Nikachukua la kinanda kikubwa. Lile dogo la nini?

Kuna na maelekezo. Flashi iwe tupu, ibaki na faili la mfumo peke yake. Shikilia vitufe viwili unapowasha. Usizime mpaka kinanda chenyewe kikuambie.

Flashi iwe tupu. Hapo nilisita. Kompyuta imejaa picha za mahafali ya wanafunzi wa Sanavbar, nyimbo za Komron hazikupata pa kukaa. Nikazifikiria kidogo. Kisha nikaona kwamba nyimbo alizitunga yeye, kwa hiyo ziko kichwani mwake. Nikafuta.

Jumatano, tarehe 5 Oktoba

Sanavbar yuko shuleni. Nyumba tulivu. Nikachomeka flashi, nikashika vitufe viwili, nikawasha.

Skrini ikawa ya kijivu, ikaandika kwa herufi ndogo. Kumbe chini ya mfumo kuna kiprogramu kingine, kidogo, ambacho sikuwahi kujua kinaishi humo. Ndicho kinachoamka kwanza. Kinatazama kama kuna flashi, kikiikuta kinafuta mfumo wa zamani na kuingiza mpya. Kisha kinarudi kulala. Sasa kikaniambia faili hili si la kinanda hiki.

Kina macho kama ya shangazi wa bibi harusi. Nikarudi kwenye kompyuta, nikabadilisha jina la faili. Nikafuta namba kubwa, nikaandika namba yetu. Nikachomeka tena. Kikapokea bila neno.

Mstari wa bluu ukaanza kutambaa. Ulipopita nusu ukasimama. Nikaenda kuchemsha chai, nikanywa, nikarudi. Umesimama palepale. Maelekezo yalisema nisizime, lakini aliyeyaandika hakuwa na harusi Jumamosi.

Nikazima.

Nilipowasha, skrini nyeusi. Mstari mmoja tu: Hakuna mfumo. Chomeka flashi. Nikachomeka. Mstari haukubadilika. Nikabonyeza kinanda kizima kutoka kushoto hadi kulia. Kilitoa sauti ya plastiki.

Sanavbar aliporudi akauliza mbona kimya. Nikasema nakipumzisha kabla ya harusi. Akasema ni vizuri, majirani nao wapumzike.

Baada ya chakula simu ikalia. Komron. Sauti yake ilikuwa ya chini. Amepoteza flashi yake yenye nyimbo zote, akasema, haioni popote, je, naweza kupita kesho tusaidiane kuitafuta? Nikasema bila shaka. Ningesema nini kingine?

Alhamisi, tarehe 6 Oktoba

Nimetafuta flashi kwa bidii kuliko mwenyewe. Nimesogeza kabati. Nimeinua magodoro yote, nimekung'uta mito. Bi Oyniso alikaa na birika lake la chai ya kijani, ananitazama tu.

Komron naye hakutafuta sana. Alisimama katikati ya chumba, akaniambia, "Kaka Barot, angalia vizuri hapo ulipo. Huenda wewe ndiye utakayeiona." Baada ya muda akarudia, na baadaye akarudia tena. Nilimhurumia. Anaamini macho yangu hivyo.

Kisha mama akasema wanatoka uani kuanua aprikoti, na huenda wakachelewa. Aprikoti zimeanuliwa tangu Agosti. Wakaniacha peke yangu chumbani, muda mrefu. Hapo nikapata wazo, na ni wazo langu mwenyewe: flashi ipatikane. Faili langu nilishalihamishia kwenye flashi nyingine niliyonunua asubuhi. Ile nyekundu ilikuwa mfukoni. Nikaisukuma chini ya zulia karibu na dirisha. Waliporudi nikainua zulia kwa mshangao.

Uso wa Komron ukafunguka. Bi Oyniso akasema alhamdulillahi, akaniongezea chai, akaniambia mkono wangu una baraka. Nilitaka kuondoka wakati huo, lakini chai ilikuwa ya moto.

Komron akaichomeka kwenye kompyuta. Akabofya. Akabofya tena. Akakaa akiitazama skrini, na sisi tukamtazama yeye. Mama yake akaweka birika chini.

Nikasema labda ni unyevu. Chini ya zulia kuna unyevu.

"Unyevu," akasema Komron.

Nimetembea kwa miguu kurudi nyumbani, sikupanda gari. Nilijisikia vibaya mpaka darajani. Pale mto unapita kwa nguvu na mtu anafikiria mengine.

Jioni Mastona akapiga. Komron amemwambia hana nyimbo, amchukue Barot. Akaniuliza kama kinanda changu kiko tayari. Nikasema kiko tayari.

Ijumaa, tarehe 7 Oktoba

Asubuhi yote nimewasha na kuzima. Nimechomeka flashi, nimeichomoa, nimeipuliza, nimeigeuza. Hakuna mfumo. Chomeka flashi. Kimekuwa kama mtoto anayedai pipi moja.

Baada ya sala ya Ijumaa Komron alikuwa nje ya msikiti, anavaa viatu. Akauliza kinanda changu kinaendeleaje. Nikasema kina mafua kidogo. Akauliza skrini inaandika nini. Nikamwambia, kwa kuwa nilichoka.

Akacheka, kwa mara ya kwanza wiki hii. Akasema basi hakijafa. Mfumo unaweza kufutika wote, lakini kile kiprogramu kidogo cha kuamsha hakifutiki, kimewekwa pembeni kwa ajili ya siku kama hizi. Maadamu bado kinaomba flashi, kipe faili sahihi kwenye flashi tupu na kitafufuka. Shida ni kwamba mtandao kwao unasuasua na faili ni kubwa. Hawezi kulipata kabla ya Jumapili.

Kisha akasema, "Chukua changu kesho."

Nikadhani sijasikia.

"Chukua changu, mimi nitakaa pembeni nisikilize. Humo ndani zimebaki nyimbo chache ambazo hazikuwa za flashi peke yake. Ndizo nilizobaki nazo. Ila kaka, usichomeke kitu. Kitu chochote."

Nikaweka mkono kifuani, nikaahidi.

Jioni nimemuuliza Sanavbar anataka nini huyu kijana. Amesema labda ni mtu mwema tu. Nimemweleza kwamba dunia haiendi hivyo. Anataka niwe na deni la wema wake mbele za watu, kisha kila harusi nimpishe. Sanavbar akasema nimalize supu.

Jumamosi, tarehe 8 Oktoba

Naandika nikiwa bado na suti.

Ilianza vizuri. Ukumbi umejaa, meza zimejaa, kila mtu anajua kuwa kisheria harusi haizidi muda wa saa tatu na meneja wa ukumbi hana utani na saa yake. Kinanda cha Komron kilikuwa kitamu kama alivyosema Mastona. Kamba zinavutika, sauti inatetemeka mahali pake. Mastona alinitikisia kichwa. Mzee Nazri, mpiga dufu wetu, naye akanitikisia kichwa, na Mzee Nazri hatikisi kichwa ovyo.

Pilau ikaletwa. Muziki ukasimama, watu wakala. Komron akaenda kunawa mikono.

Nikakiangalia kinanda. Leo kiko mikononi mwangu, kesho hakipo. Na humo ndani mna mfumo mzima, ule sahihi, umekaa tu. Jumapili nitausubiri kutoka kwa Komron kama sadaka, ilhali leo naweza kuuchukua mwenyewe na nisiwe na deni la mtu. Nikafikiri hivi: kama vitufe viwili vinaingiza, vitatoa pia. Mlango ni mlango.

Flashi yangu ilikuwa mfukoni. Nikazima kinanda, nikachomeka, nikashika vitufe viwili, nikawasha.

Kile kidogo kikaamka. Kikaitazama flashi. Kikalikuta lile faili langu la juzi, lile la kinanda kikubwa, lenye jina nililoandika kwa mkono wangu. Jina liko sawa. Hakikuuliza chochote. Mstari wa bluu ukaanza kutambaa.

Nikachomoa flashi upesi.

Hakuna mfumo. Chomeka flashi.

Mlango wa ukumbi ukafunguliwa, bibi harusi akasimama pale na shela lake na shangazi zake pande zote, wanasubiri muziki. Mastona akanitazama. Mimi nikamtazama Mzee Nazri. Mzee Nazri alikuwa bado anatafuna.

Ukumbi ulikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia kijiko kikiwekwa sahanini. Haji Sattor alianza kuinuka kitini, uso umeiva. Mastona hakupaza sauti. Alimwinamia Nazri.

"Mzee, unaikumbuka ile ya kumpokea bibi harusi? Ile ya zamani?"

Mzee Nazri akafuta mikono, akachukua dufu. "Mimi naikumbuka. Hivi vinanda ndivyo vilivyoisahau."

Akapiga. Mastona akaimba. Bibi harusi akatembea polepole, na kila hatua dufu ikampa ardhi ya kukanyaga. Sijasikia sauti ya Mastona ikiwa peke yake tangu nimfahamu, siku zote huwa naifunika kwa kinanda. Bibi yake bibi harusi akaanza kulia, kisha meza yake yote, kisha Haji Sattor, aliyekuwa anakuja kuniua, akarudi kukaa akiwa na kitambaa machoni. Kisha mdundo ukabadilika na watu wakacheza, wazee kwa vijana, mpaka meneja akazimazima taa kuonyesha kuwa muda umekwisha.

Mimi nilibaki nyuma ya kinanda, nikichezesha vidole juu yake ili nisionekane sina kazi. Watu wawili walikuja kunipongeza kwa kupiga taratibu.

Komron alikuwa amesimama karibu yangu muda wote. Alikuwa amesoma skrini. Alisubiri mpaka tulipokwisha kukipakia garini.

"Zile nyimbo chache zilikuwa humo," akasema.

Nikasema ndiyo, na zililia vizuri sana kabla ya pilau.

Jumapili, tarehe 9 Oktoba

Komron amekuja adhuhuri na kompyuta yake, kinanda chake na flashi mpya. Sanavbar alimkaribisha kwa mkate na mtindi, akakaa nasi, jambo ambalo hakufanya tangu wiki ianze.

Faili ameshalipata. Akalitia peke yake kwenye flashi, akashika vitufe viwili kwenye kinanda changu, akawasha. Mstari wa bluu ukatambaa. Ulipopita nusu ukasimama. Nikainuka. Komron akasema, bila kugeuka, "Kaa, kaka. Mstari husimama sana hapo. Kinajikagua." Tukanywa chai. Ukasogea. Kikasema chenyewe kizimwe. Akazima, akawasha, akabonyeza, na rubabu ikalia sebuleni kwangu. Kisha akafanya chake. Vyote viwili vizima. Nyimbo hazikurudi. Akasema zile haziko mahali popote sasa.

Akakunja waya wa kompyuta, akauweka kwenye mkoba. Halafu akasema polepole, kana kwamba anazungumza na mkoba, "Mama aliniambia Jumanne ileile. Alisema Barot kaja na matikiti kaondoka na flashi. Ndiyo maana nikakuita uje utafute, uirudishe bila aibu. Tulikuachia chumba kizima."

"Na niliirudisha," nikasema.

"Tupu."

Nikamsogezea mtindi.

"Ungeniomba tu, kaka. Wiki nzima hii. Ungeniomba tu."

Hakukasirika, na hilo ndilo lililonishinda. Mtu akikasirika unajua pa kushika. Alimuaga Sanavbar kwa heshima, akabeba kinanda chake mwenyewe, hakutaka nimsaidie ngazini. Nilimtazama kutoka dirishani akivuka barabara, kinanda begani, anapumzika kila baada ya nguzo chache.

Sanavbar alikaa na madaftari ya wanafunzi na kalamu yake nyekundu. Nikampigia rubabu kidogo, taratibu, kumwonyesha mfumo mpya. Akainuka akafunga mlango, yeye akiwa upande wa pili.

Jumatano, tarehe 12 Oktoba

Mji mzima unazungumzia harusi ya Haji Sattor. Mastona anasema simu yake haipoi. Wote wanataka ile ile: sauti na dufu, vinanda vibaki majumbani. Kwa hiyo kinanda changu ndicho kizuri kuliko vyote Khujand na hakuna anayekihitaji.

Ila Mzee Nazri mkono wake unachoka. Mastona anatafuta mpiga dufu wa pili wa kukaa karibu naye. Keshokutwa atamsikiliza Komron. Nikauliza Komron ameijua lini dufu. Akasema hajaijua, ila ameanza kwenda kwa Mzee Nazri kujifunza, kwa kuwa sasa hana nyimbo za kushughulika nazo. Hilo la mwisho alilisema kwa namna fulani.

Nimeuliza kama anaweza kunisikiliza na mimi. Akasema nije, mlango hauna kufuli.

Alhamisi, tarehe 13 Oktoba

Leo nimefanya kama alivyotaka Sanavbar, kiburi nimekiacha nyumbani. Nimekwenda kwa Mzee Nazri na nimeomba. Kwa mdomo, mchana kweupe. Na amekubali. Amenionyesha mapigo matatu, akaniazima dufu yake ya zamani ili nifanye mazoezi nyumbani. Ni ya marehemu mwalimu wake. Mbao zimeng'aa kwa kushikwa na watu wawili maisha yao yote, na ngozi ni nyembamba, unaona kivuli cha vidole upande wa pili. Amesema hajawahi kumpa mtu. Nilimwambia Sanavbar. Kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ameniwekea chai mwenyewe, kisha akaenda zake shuleni.

Tatizo ni unyevu. Mvua imenyesha tangu alfajiri na ngozi imelegea, inalia kama gunia. Mzee Nazri alisema hali ikiwa hivi, dufu iwekwe dirishani ingoje jua, ijikaze yenyewe taratibu. Jua lenyewe halipo. Na Komron anasikilizwa kesho asubuhi.

Nimeiweka juu ya jiko la gesi, moto mdogo. Ngozi inakaza vizuri sana. Nimeigonga kwa kidole, sauti imepanda. Nimeongeza moto kidogo, nikaja kukaa hapa kuandika.